Ngata ya Mguu wa Ndalahwa

Weka soda yako mezani, na mimi naweka ya kwangu. Nikimaliza kusimulia, kama umeamini, chukua zote mbili. Mpaka leo sijapoteza hata soda moja. Nimewasimulia mafundi wenzangu, wakacheka. Nimewasimulia walevi, na wao wakacheka, tena walevi huwa wanaamini kila kitu. Nikamsimulia katekista mmoja wa Nyegezi ambaye kazi yake ni kuamini mambo magumu kuliko haya. Akaniambia, "Shimba, kaungame."

Nasema hivi: kulikuwa na miaka ambapo nusu ya chai ya maziwa ya Nyamagana ilisimama juu ya kitambaa kilichosokotwa, kidogo kuliko kifuniko cha kikombe, ndani ya kiatu cha tairi, katambuga la mtu mmoja. Haya, si nusu. Ya mgahawa wa Bimdogo yote. Lakini waliokunywa chai kwa Bimdogo wanajua kwamba kwingine kote yalikuwa maji ya moto yenye rangi.

Mtu mwenye katambuga ni shemeji yangu Ndalahwa, aliyemwoa dada yangu Teodora. Na fundi wa baiskeli yake alikuwa mimi, Shimba, fundi namba moja kutoka soko kuu mpaka Igogo. Sisemi hivyo kwa sababu ni mimi. Nasema kwa sababu wengine hawapo hapa kubisha. Shule niliishia la tano. Mimi na mwalimu wa hesabu tulikubaliana tuachane, ila yeye alikubali haraka zaidi. Nikachukua spana, pampu na beseni la maji la kutafutia pancha, nikakaa kwenye ukuta mmoja karibu na soko, na hapo nikawa mtu.

Sasa Ndalahwa. Alikuwa mfupi. Nasema alikuwa, ingawa bado yupo, na siku hizi amezidi. Mfupi, mpole, mwenye heshima zake. Alifanya kazi miaka mingi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, akavaa buti za kampuni, akawa anatembea kama chifu. Mwaka wa tisini na tatu wakaja watu na karatasi, wakasoma majina, wakasema hawa wanapunguzwa. Jina lake likasomwa. Buti akarudisha. Alinunua vitu viwili tu kwa zile pesa za kuagwa: mtamba mmoja mzuri wa kuongezea kwenye ng'ombe wa mama yake, na baiskeli nyeusi ya Kichina, ile ya chuma hasa, ambayo ukigongana na ng'ombe unamhurumia ng'ombe.

Baiskeli nilimfungia mimi. Akaja nayo kijiweni ikiwa vipande vipande kwenye boksi.

"Shemeji," akaniambia, "nataka kupeleka maziwa mjini. Kutoka nyumbani mpaka Nyamagana, kila siku."

Nyumbani kwake ni Usagara, ukishapita njia panda, upande wa kwenda kivuko cha Kigongo. Kutoka pale mpaka sokoni ni kilomita ishirini na kitu, na mawe, na miinuko, na malori ya pamba.

"Kila siku?" nikamwuliza. "Na miguu hiyo?"

"Miguu ina nini?"

"Haina kitu. Ndiyo tatizo. Ilikatwa mapema."

Akacheka. Shemeji unamtania mpaka basi, ndiyo kazi yake. Nikafunga baiskeli vizuri, nikakaza kila nati, na tandiko nikalipandisha juu, vidole vinne zaidi ya pale alipopaonyesha.

"Si juu sana?" akauliza.

"Shemeji, mtu mfupi akikaa chini kwenye baiskeli anaonekana furushi. Ukikaa juu, watu wanasema, nani huyo anakuja? Biashara ni kuonekana."

Akapanda. Kweli akaonekana. Nikaona na yeye amefurahi, maana alijitazama kwenye kioo cha duka la Mhindi mara mbili.

Basi akaanza. Madumu mawili kwenye keria, moja kushoto moja kulia, yamefungwa kwa mipira ya tyubu. Anatoka nyumbani jogoo la kwanza. Anapita njia panda, Buhongwa, Mkolani, Nyegezi, akifika Butimba ziwa linamtokea mkono wa kushoto, limelala kama bati jipya. Na alikuwa anapiga mluzi. Hilo usilisahau. Alikuwa na mluzi wa ngoma za kwao, za kipindi cha mavuno, unapanda na kushuka kama barabara yenyewe. Akina mama wa Mkuyuni walikuwa wanawasha moto kwa mluzi ule. Saa ya ukutani ilikuwa ya nini? Mluzi ukipita, watoto wanaamshwa. Mimi mwenyewe nilikuwa nausikia akiwa bado Igogo, nasema moyoni, huyo mfupi wangu anakuja.

Madumu yote mawili yalikuwa ya Bimdogo. Huyu mama alikuwa na mgahawa wa mabenchi manne, maandazi yake yakivunjwa yanatoa moshi wenye iliki. Alikuwa mwembamba, mkali, macho yake yanakuhesabia sukari. Alimpa Ndalahwa sharti moja siku ya kwanza kabisa, mbele yangu.

"Baba, maziwa yafike kabla jua halijashuka kwenye lile jiwe." Akaonyesha jiwe kubwa juu ya mlima nyuma ya mgahawa. "Jua likishafika chini, maziwa ya barabarani yanakatika kwenye sufuria. Yakinikatikia mara moja, nitasema ni bahati mbaya. Mara ya pili nitasema ni uzembe. Mara ya tatu usirudi. Sina ugomvi na wewe, ila wateja wangu hawanywi mtindi."

"Nimekuelewa, mama," akasema Ndalahwa.

Ulipita karibu mwaka mzima, hayakukatika hata tone. Yule mtu aliyesomwa jina kiwandani akarudi kuwa mtu. Akapaka nyumba chokaa. Akawa anaitwa Baba Maziwa.

Halafu mluzi ukanyamaza.

Nakumbuka ilikuwa kiangazi. Akapita kijiweni kimya, akashuka kwenye baiskeli kama mzee, akakaa kwenye jiwe langu la kufulia cheni, akavua kandambili. Akaminya unyayo wa kulia, pale mbele, kwenye ile nyama iliyo nyuma ya vidole.

"Shemeji, hapa. Ni kama nimekanyaga kaa la moto. Nikikanyaga pedali, kaa linaingia ndani. Nikiendelea, vidole vinalala, naviona lakini si vyangu."

"Umechomwa na mwiba."

"Sina mwiba."

Nikatazama. Hapakuwa na mwiba, hapakuwa na jipu, hapakuwa na kitu. Mguu mzuri tu, mfupi. Akaeleza kwamba sasa kila akifika Mkolani lazima ashuke, akae pembeni, ausugue mguu mpaka moto upoe. Halafu Nyegezi anashuka tena. Na wewe unajua maziwa. Maziwa hayasubiri mguu upoe.

Usagara watu walishajua ugonjwa. Wakamwambia amekanyaga kitu. Pale njia panda panakutana magari ya Bukoba, ya Shinyanga na ya mjini, na kwetu njia panda ni mahali pa kuachia watu mizigo isiyoonekana. Kuna mtu, wakasema, anayaonea wivu maziwa yako, amekutegea pale, na wewe kila asubuhi unakanyaga palepale. Ndalahwa ni Mkatoliki safi, lakini mguu ukiuma Ukatoliki unahamia mguu mwingine. Siku kumi nzima akawa anashuka kabla ya njia panda, anasukuma baiskeli na madumu kupitia kwenye mihogo ya watu, anazunguka, anatokea mbele.

Siku ya kumi maziwa yalikatika kwa mara ya kwanza.

Bimdogo aliyaonyesha kwenye mwiko. Mabonge meupe yanaogelea kwenye maji ya kijani.

"Bahati mbaya," akasema. Akamwaga.

Nikamwita shemeji pembeni. "Wewe ni mtu mzima, unapita kwenye mihogo kama nguruwe pori? Sikiliza. Mguu hauna mchawi. Mguu hauna kiatu. Kandambili hizo, kila chuma unakisikia. Twende mitumbani."

Ilikuwa enzi za ruksa, bwana, enzi za neema ya mitumba. Miaka michache nyuma ukiwa na kiatu kimoja kizima unaitwa tajiri. Sasa vilikuwa vinamwagwa chini kama dagaa. Nikachambua mwenyewe, nikampatia raba mtoni nyeupe, soli laini kama andazi, zimetoka Ulaya huko kwa mtu ambaye nadhani hakuwahi kufanya kazi. Zilikuwa nyembamba kidogo kwa mbele. Lakini nzuri! Akavaa. Vidole vikabanana humo ndani kama abiria.

"Zinabana, shemeji."

"Zitalegea. Kiatu kizuri ni kama mke, mwanzo kinabana."

"Teodora hakunibana."

"Utamjua."

Raba zile zikamla mguu vibaya kuliko kandambili. Sikujua wakati ule, na fundi namba moja hapendi kusema hakujua, lakini ndivyo ilivyo: soli laini inajikunja juu ya chuma cha pedali, inakipokea kama mgeni, inakipeleka moja kwa moja mfupani. Na vidole vikibanwa, moto unaongezeka. Akawa anashuka mara tatu badala ya mbili.

Nikasema basi, tatizo ni pedali. Pedali zake viraba vyake vilishakwisha, kimebaki chuma cha katikati, unene wa kidole gumba, kinazunguka. Mtu mwingine angenunua pedali mpya. Mimi nikasema, kwa nini ununue na fundi yupo? Nikakata sponji ya godoro, nikaizungushia, nikaifunga kwa tyubu. Siku mbili akasema, ahsante shemeji, kuna nafuu. Siku ya tatu sponji ikashiba maziwa na vumbi, ikalala bapa, mguu ukawa unateleza, akikaza asiteleze anakaza kwa vidole, na moto ukarudi na ndugu zake.

Maziwa yakakatika mara ya pili.

Bimdogo hakuonyesha mwiko safari hii. Alisema tu, "Baba, uzembe."

Ndalahwa akayakusanya madumu yake. Alisimama pale na madumu matupu mikononi, na mimi nikaona sura ile aliyokuja nayo siku aliyorudisha buti. Kwa kweli ilinichoma, ingawa nilimtania kama kawaida. Nje kulikuwa na pikapu ya Suhaib, kijana wa kutoka upande wa Magu. Alikuwa na maziwa kwenye mapipa, na kila asubuhi alikuwa anapita kwa Bimdogo kuuliza, "Mama, bado tu?" Bimdogo anamjibu, "Bado." Siku ile alijibu, "Subiri kidogo."

Ilikuwa Jumamosi. Jumapili Bimdogo hafungui, basi nikaenda Usagara baada ya misa, kumpa pole shemeji na kula ubwabwa wa dada, nisikufiche lipi lilikuwa kubwa zaidi. Ndalahwa amekaa kwenye kigoda, mguu kwenye beseni la maji ya chumvi. Teodora akatokea kisimani, ndoo kichwani, mikono inaning'inia, hata tone halimwagiki. Akaitua, akatoa ile ngata ya kanga kichwani, akaikung'uta.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umekuja kumalizia mguu uliobaki?"

"Dada!"

"Umemvalisha vya mtoto wa Kizungu, ukamfungia godoro. Kesho utampa mto alale barabarani. Ndalahwa, hebu lete hiyo baiskeli."

Akachukua majivu jikoni, akayachanganya na mafuta kidogo, akaondoa takataka zangu zote za sponji, akapaka majivu kwenye kile chuma cha pedali. Akamwambia mume wake apande peku, azunguke uwanja. Mzee akazunguka mara mbili, kuku wanakimbia.

"Shuka. Inua mguu."

Tukatazama. Mstari mweusi ulikuwa umepita palepale penye moto, nyuma ya vidole, umenyooka kama umepigwa rula.

"Chuma kinakaa juu ya mfupa," akasema Teodora. "Kila siku, kutoka hapa mpaka mjini. Mimi ndoo ningeiweka hivyohivyo kwenye mfupa wa kichwa, ningefika nayo?"

"Dada, mguu hauchoti maji," nikasema.

"Na wewe kichwa chako hakichoti chochote, mbona unakibeba?"

Ndalahwa akacheka mpaka akashika mti. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia anacheka mwezi ule.

Basi dada yangu akachana ukingo wa kanga kuukuu, akausokota, akauzungusha akafanya ngata. Ngata kamili, kama ya kichwani, lakini ndogo hivi, ingetosha kumbebesha panya ndoo. Akamwuliza mume wake yako wapi makatambuga ya zamani, yale ya tairi la lori. Yalikuwa chini ya kitanda, mapana, magumu, huwezi kuyakunja hata kwa magoti. Akayapaka majivu yaleyale, mumewe akakanyaga, akaona alama ya unyayo inakaa wapi. Hakuiweka ngata penye maumivu. Hapo ndipo nilipobisha.

"Si unaiweka nyuma. Panapouma ni mbele."

"Ngata inabeba pembeni ili katikati papumue. Ukiweka kitu juu ya kidonda unakikandamiza. Wewe umebebewa maji maisha yako yote, utajua wapi?"

Akaishona kwa uzi wa gunia, nyuma kidogo ya pale penye moto, ili uzito ushikwe kabla haujafika mfupani. Kwenye pedali akaniambia nifunge vipande viwili vya mbao ya mpapai. Nikamwambia mpapai hauna mbao. Akasema basi mti wowote, fundi ni nani hapa? Nikafunga mninga, vipande vipana, kwa waya.

"Na usikanyage kwa vidole," akamwambia mumewe. "Mbona unakanyaga kama mwizi? Kanyagia katikati."

"Hapafiki," akasema Ndalahwa. "Pedali ikishuka chini kabisa, mpaka ninyooshe vidole."

Teodora akatazama tandiko. Akanitazama mimi.

"Huo ndio uendeshaji wa kisasa," nikasema haraka. "Tandiko limewekwa na fundi, haliguswi. Chakula kimeiva?"

Chakula kilikuwa kimeiva. Tukala.

Jumatatu nilifika kwa Bimdogo mapema kuliko wateja wote. Nitasema ukweli, sikwenda kumwombea. Nilikwenda kwa sababu nilijua atashindwa, nikataka niwepo wa kumwinua. Suhaib alikuwa ameshaegesha pikapu mlangoni, anapiga mswaki kwa kijiti.

"Shikamoo, mama," nikamwambia Bimdogo.

"Marahaba. Anakuja?"

"Mama, mimi ndiye shemeji yake, naumia kusema. Chukua tu ya Suhaib. Mguu ule umekwisha. Jana wamemshonea kitambaa kwenye katambuga. Kitambaa!"

"Wewe ndiye fundi wa ile baiskeli?"

"Ndiye mimi mwenyewe."

"Ndiyo maana," akasema Bimdogo, akaendelea kukanda unga.

Suhaib akacheka mpaka akameza kijiti. Tukawekeana soda, mimi na yeye, na aibu kubwa ni kwamba wote wawili tulitaka kuweka upande mmoja, hakukuwa na wa kubisha. Wateja wakaanza kuingia. Bimdogo akawapa chai ya rangi. Mmoja akauliza maziwa. "Yanakuja," akajibiwa. Sufuria kubwa ilikuwa mekoni, tupu, imeinamishwa isiungue.

Juu mlimani lile jiwe likapata jua kichwani. Nikaanza kulitazama kama mtu anayetazama mechi. Jua likashuka kwenye mabega. Likashuka kiunoni. Suhaib akafungua mlango wa nyuma wa pikapu, akaweka mkono kwenye pipa.

"Mama?"

Bimdogo akafuta mikono kwenye kanga, akainuka. Na mimi sikumtazama yeye wala jiwe. Nilikuwa natazama barabara ya Igogo, nimeshika spana bila sababu, na nimegundua kwamba soda siitaki.

Ndipo ukaja. Mwembamba kwanza, kama mtu anayemwita mbwa mbali. Halafu ukapanda, ukashuka, ukakata kona.

"Huyo," nikasema. "Huyo! Si niliwaambia!"

"Ulituambia nini?" akauliza Suhaib.

Ndalahwa akatokea anakanyaga taratibu, jasho linamtiririka, mdomo umekunjwa kwenye mluzi, amekaa juu ya tandiko kama ndege kwenye waya. Akafungua mipira, akatua dumu la kwanza. Bimdogo akalipokea akamimina kwenye sufuria, na sisi wote, wateja, Suhaib, mimi, tukasimama kuzunguka meko kama watu wa msiba. Maana kufika si kitu. Maziwa yanaweza kufika yakiwa yameshaamua.

Yakapata joto. Pembeni kukaanza vipovu. Hapo ndipo yanapokatikaga. Bimdogo akaingiza mwiko, akainua, yakateremka laini, meupe, yameshikana. Yakaumuka mpaka ukingoni, akayapuliza yakashuka.

"Umeshuka mara ngapi njiani?" akamwuliza.

"Mara moja, mama. Nyegezi. Ngoma ya mluzi ilinikolea, nikasimama niianze upya."

"Keti unywe."

Hakuwahi kumwambia mtu akae anywe bure kabla ya hapo, na sijasikia kama aliwahi tena. Suhaib akafunga mlango wa pikapu yake, akaingia, akanywa vikombe viwili vya maziwa ya adui.

Moto haukuisha siku ile moja, nisikudanganye. Ulipungua wiki kwa wiki. Ngata ilikuwa inachakaa kila mwezi, Teodora anasokota nyingine. Akajifunza kulegeza mguu kwenye mteremko, kuchezesha vidole, asikae anakaza tu. Habari zikaenea. Wakaja wabeba mapanki wa Kirumba, wale waliokuwa wanasomba mifupa ya sangara kutoka viwandani, mizigo mizito kuliko wao. Wakaja wabeba mkaa. Kumbe wengi walikuwa na kaa lilelile unyayoni, na kila mmoja alidhani amekanyaga kitu peke yake. Dada akawasokotea wote, akiwafundisha iwekwe wapi. Mimi kijiweni nikawa nasema ngata ni utaalamu wetu wa familia. Si uongo. Yeye ni familia.

Asubuhi zile, bwana. Ungesimama Mkuyuni saa kumi na mbili, ungeona msururu wa baiskeli unashuka, maziwa, mkaa, mapanki, ndizi, vyuma vinalia, kila mmoja anamtania mwenzake. "Ndalahwa, shuka nikuone!" "Nikishuka hutaniona!" Harufu ya samaki na maandazi na vumbi lenye umande. Hatukujua kwamba ile ndiyo ilikuwa raha. Tulidhani tunahangaika.

Ndalahwa alipeleka maziwa kwa Bimdogo mpaka mwaka wa elfu mbili na kitu, mama yule alipofunga, akaenda kwa wanawe Tabora, akafia huko, Mungu amrehemu. Pale pana duka la simu sasa. Maziwa yanakuja kwenye pakiti, hayana mluzi. Barabara ni bodaboda tupu, wanapita kama wamefukuzwa.

Mwaka jana nikaenda Usagara. Teodora akaniambia anataka ile baiskeli awe anaendea sala za jumuiya, lakini tandiko liko juu mno kwake, nilishushe. Nati ilikuwa imeota kutu, haikuguswa tangu siku niliyoifunga. Nikaimwagia mafuta, tukanywa chai, nikairudia kwa spana kubwa, ikalia, ikakubali. Nikalishusha vidole vinne, palepale Ndalahwa alipopaonyesha mwaka ule wa tisini na tatu.

Mzee akainuka kwenye kigoda, akasema ngoja niijaribu kabla mama hajaichukua. Akapanda taratibu, peku, bila katambuga, bila ngata. Pedali ikashuka chini kabisa, na mguu wake ukaifuata bila kunyoosha kidole, umekanyaga katikati, umelala kama mkono mezani. Akazunguka uwanja mara moja. Mara ya pili. Mara ya tatu akaanza kupiga mluzi. Akasimama mbele yangu, akatazama chini kwenye mguu, akatazama tandiko, halafu akanitazama mimi kwa muda mrefu, na Teodora mlangoni ameshika mdomo kwa kanga, mabega yanamtetemeka kwa kucheka.

"Shemeji," akasema.

"Naam."

"Miaka yote ile."

Nikainama nikakaza nati ambayo ilikuwa imeshakazwa.

Tandiko lilikuwa juu mno tangu siku ya kwanza. Nililipandisha mimi. Nilikosea.